Ushanga Mwekundu wa Katikati

Kila jioni Kasuku, aliyepewa jina hilo kwa domo lake, alitandika mkeka sebuleni akafanya kazi za shule, sikio likiwa mlangoni. Mama yake, mtafiti wa maabara, alizoea kurudi Kasuku akiwa amekwisha lala. Alimkumbuka mama, na wanaishi nyumba moja! Kilichomliwaza ni bangili ya shanga nyekundu aliyotungiwa na mama zamani, walipokuwa na nafasi.

Kwa hiyo asubuhi moja mama alipomwomba amtungie shanga za kuwaonyesha wanafunzi watakaotembelea maabara kesho yake, Kasuku aliruka kwa furaha. Nyuzi zilikuwa nne, kila mmoja mfano wa protini ileile katika kiumbe tofauti: uzi wa samaki, wa kuku, wa panya na wa mtu. Kila ushanga ulikuwa asidi amino moja, yaani kipande kimoja cha protini. Rangi zilitofautiana uzi kwa uzi, ila katikati zote zilifanana, zikiwa na shanga nyekundu. Alipofika katikati ya uzi wa mtu, shanga nyekundu zikamwishia. Akaitazama bangili, roho ikamuuma. Akatia ushanga wa rangi ya chungwa.

"Mmoja tu, nani atajua?"

Jioni hiyo, ajabu, mama aliwahi kurudi. Akazitazama nyuzi kwa mbali, akatabasamu.

"Umenitoa kimasomaso, mwanangu! Mbona kimya, Kasuku? Umemeza ulimi?"

Sifa hizo alizingoja siku nyingi, na sasa zilimchoma. Machozi yakamtoka.

"Mama, nimekudanganya. Nyekundu ziliisha katikati, nikatia ya chungwa. Sikutaka kukata bangili uliyonitungia."

Mama akavua viatu, akaketi mkekani.

"Protini hii ni kimeng'enya, yaani mfanyakazi wa ndani ya seli. Huweka alama ndogo kwenye DNA, seli ijue maagizo yapi isome na yapi iyaache. Huku pembeni asidi amino nyingi zimebadilika kutoka samaki hadi mtu, na kazi inaendelea. Hapa katikati hazijabadilika, maana ndipo kazi inapofanyika. Ukibadilisha huu mmoja tu, alama haziwekwi. Ningewafundisha watoto wa watu uongo."

Kasuku akaleta mkasi mwenyewe. Bangili ikakatwa, ushanga mmoja ukahamia kwenye uzi. Mama akamfunga tena bangili mkononi, ikambana kidogo.

"Na sisi tuna pasipobadilika," mama akasema. "Niwahi, nichelewe, tuambiane ukweli. Wewe umeanza, na mimi niseme wangu: nimekukumbuka mno. Kesho twende wote maabara, uwaonyeshe wenzako mwenyewe."

Kasuku akaegemea bega lake. Domo likafunguka, akasimulia habari za wiki nzima, na sikio halikwenda tena mlangoni.