Nilimwacha Akinyi Aitwe Mwizi

Kraaa! Mpaka leo nausikia ule mlio wa karatasi zikichanwa kutoka daftari la Akinyi...

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na minne. Mkasa huu ulinipata miaka mitatu iliyopita, nikifundisha darasa la saba karibu na Kombewa. Cheti cha ualimu sikuwa nacho, niliishia kidato cha pili, lakini ndoto nilikuwa nazo tele! Nilitaka siku moja jina langu lisomwe Kisumu nzima.

Nilipenda sana kufundisha muhtasari. Magazeti tuliyapata vipande vipande, yale ya kufungia vitu dukani. Mtoto asome habari, aifupishe kwa maneno yake, chini aandike ameitoa wapi. Kipande kikikosa jina la gazeti? Aseme tu alikipata wapi. Mmoja akaandika: "Imetoka kwa sukari ya Mama Wanjiru." Tulicheka mpaka machozi!

Wiki moja tulikosa magazeti, nikawaambia wafupishe habari waliyosimuliwa nyumbani. Akinyi, yatima aliyelelewa na nyanya yake, akaleta kurasa mbili... Jinsi ziwa lilivyopanda likameza boma lao, na nyanya akatoka majini na mlango wa nyumba kichwani, akilipigia ziwa kelele, "Nyumba chukua, mlango wangu huupati!" Chini aliandika: "Nimeambiwa na dana, nyanya yangu."

Nililia nikisoma. Halafu, sijui shetani gani alinishika... Nikainakili, nikaituma kwa jarida moja. Ikachapishwa! Jina langu juu. La Akinyi, la nyanya yake, hakuna. Watu wakanipongeza: "Mwalimu, kumbe wewe ni mtu mkubwa!" Nami nacheka tu.

Muhula uliofuata, familia moja ya Milimani ilijitolea kumsomesha msichana mmoja sekondari. Mwalimu mkuu akakagua madaftari ili achague. Akafika kwa la Akinyi.

Alituita ofisini sote wawili. Akasema msichana huyu ameiba hadithi yangu kutoka kwa lile jarida.

"Hapana, Mzee," Akinyi akasema. "Ni ya dana. Mwalimu anajua. Mwalimu, si ulisahihisha wewe mwenyewe?"

Mzee akanigeukia. "Haya, ni ya nani?"

Neno moja tu lilitakiwa! Nikaona aibu, nikaona kazi inakwenda...

"Ni yangu," nikasema.

Akazichana zile kurasa. Akinyi hakulia. Aliniangalia tu, kama mtu anayetafuta mwalimu wake usoni mwangu na kumkosa.

Nafasi akapewa mwingine. Kabla ya mwaka kuisha, baba yake mdogo alimwoza mbali, ng'ambo ya ghuba. Juzi nyanya yake alinisimamisha sokoni, akanishika mkono kwa upole. "Mwalimu, ile habari yangu ya mlango, Akinyi alikuletea?" Nikatikisa kichwa kukubali... Akafurahi! Tangu siku hiyo usingizi umenikimbia.

Ndugu zangu, msichukue cha mtu mkakiita chenu, hata kama ni maneno tu. Na mkishachukua, semeni mapema, mtoto wa watu akiwa bado mbele yenu. Mimi nilichelewa!

Jumamosi nilimwandikia mwalimu mkuu kila kitu, nikamwomba aiambie na ile familia ya Milimani. Bado nafundisha pale pale, na najua atanifukuza. Nikatembea peke yangu mpaka posta, nikalamba stempu, nikaitumbukiza barua sandukuni.