Mume Wangu Hali Kuku

Nilimfumania mume wangu ameshika paja kwa mikono miwili.

La kuku, jamani. Tulieni kwanza.

Najua kuna mtu ameshaanza kucheka. Cheka tu, hata mimi ningecheka kama ingekuwa ndoa ya jirani. Lakini ukifika mwisho wa kisa hiki utaelewa kwa nini siku ile nilitamani angalau lingekuwa la mwanamke.

Mume wangu hali kuku.

Sentensi hiyo nimeisema arusini, nimeisema misibani, nimewaambia majirani na wapishi wa kukodi. "Samahani, mume wangu hali kuku, humvimbisha koo." Alinieleza mwenyewe wiki ya kwanza ya ndoa yetu, kwa sauti ya upole, kwamba kuku akimgusa tu ulimi, koo linaziba na pumzi inakata.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni kumpima mtu na kumshonea kinachomtosha, basi na ndoa nikaishona hivyo hivyo. Kuku akafukuzwa nyumbani kwangu. Hata kikaango nilichozawadiwa siku ya arusi nilikitupa, nisije nikamuua mtoto wa watu kwa masalia ya mafuta.

Shida ni moja. Mimi kuku wa kukaanga nampenda kufa.

Nikawa nakula kwa kuiba. Nina shoga yangu wa saluni, tumepakana ukuta kazini. Wateja wakipungua tunafunga milango, tunaingia mtaani kumtafuta kuku wa maana. Tumezunguka mji mzima. Kuna mahali analetwa ameloa mafuta mpaka karatasi inaonyesha upande wa pili. Kuna mahali wamempaka unga mnene kama blanketi, ukimaliza kumvua nguo unakuta mfupa na salamu. Kwingine kidari kikavu mpaka unaomba maji ya kumezea.

Kabla ya kurudi nyumbani napiga mswaki saluni na kunawa mikono kwa limau. Mume akinikumbatia, moyo unanidunda. Nilijiona mke mbaya, mke anayechepuka na kuku.

Sasa ile Jumamosi, shoga akaniita dirishani.

"Kuna sehemu mpya ng'ambo ya daraja. Watu wanaisifu mtandaoni mpaka kero."

"Hata ile ya juzi ilisifiwa."

"Hii twende. Wakituangusha, naachana na kuku, naanza mboga."

Mume wangu alikuwa ameniaga asubuhi. Anampeleka mama yake kliniki ya macho, alisema, na foleni ya pale inajulikana. Nikampa na mwavuli.

Tukafika. Mahali pasafi, meza za mbao, harufu imeiva mpaka mlangoni. Sijakaa hata kwenye kiti, nikasikia kicheko. Kicheko kile nakijua. Ni cha mama mkwe wangu.

Meza ya pembeni. Mama mkwe, wifi yangu, na katikati yao mume wangu, mafuta mpaka viwikoni. Sahani yake imejaa mifupa. Koo halijaziba. Pumzi haijakata.

Mwavuli wangu umening'inia nyuma ya kiti chake.

"Huyo si ndiye..." shoga akaninong'oneza.

"Ndiye."

Nikaenda mpaka pale. Miguu ilikuwa inatembea yenyewe.

"Shikamoo mama. Macho yanaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu," akajibu, akaanza kutafuta kitambaa cha kufutia mdomo.

Mume wangu akajaribu kumeza alichokuwa nacho. "Mke wangu... sivyo unavyofikiri."

"Nafikiri ni kuku."

Wifi yangu mdomo wake hauna breki. Akacheka kwa puani, akasema, "Kaka, mwambie tu yaishe. Tumechoka kukaanga samaki wa kuigiza kila mkija nyumbani."

Samaki wa kuigiza...

Yaani walijua wote. Kila sikukuu mama mkwe alikuwa anamtengea mume wangu samaki kwenye sahani ya peke yake, uso mkavu kabisa: "Huyu wa mwanangu, maskini, kuku hamfai." Na mimi nilikuwa namshukuru. Nilikuwa nasema Mungu amenipa mama mkwe anayejali.

"Kwa nini?" nikamuuliza mume wangu.

Akaliweka paja chini taratibu. "Unamkumbuka kuku wa kwanza uliyenikaangia?"

"Namkumbuka. Ulisema mtamu, kisha ukashika koo."

"Nje alikuwa mkaa, ndani ana damu. Na wewe umesimama pale na aproni yako mpya, unanitazama usoni. Ningekuambiaje? Nikasema kuku hunidhuru. Nilidhani litapita. Nilikuwa naulinda moyo wako, mke wangu."

Nisikilizeni vizuri. Hilo ningesamehe. Ningenuna wiki, halafu ningecheka.

Lakini akili yangu ilikuwa imeshaondoka pale mezani. Ilikuwa imefika sebuleni kwa mdogo wangu.

Nina mdogo wangu mmoja, wa kike, tumbo moja. Alipohamia kwake mara ya kwanza alitualika chakula. Mume wangu alikula wali kwa raha zote, na sahani ilipofika nusu mdogo wangu akasema, kwa furaha yake, kwamba siri ya wali ule ni supu ya kuku. Alidhani kinachomdhuru shemeji yake ni nyama tu.

Nikapagawa. Nikamgeukia mume wangu, nikamkuta anajikuna shingo, ngozi imekuwa nyekundu. Nilipiga kelele majirani wakatoka. Mbele ya wageni wote nikamwambia mdogo wangu, "Ulitaka kuniacha mjane. Kuanzia leo huna dada." Tukakimbia hospitali, daktari akasema hana kitu, nikamshukuru Mungu kwa machozi.

Tangu siku hiyo sikumsemesha mdogo wangu. Akajifungua, nikaambiwa na watu. Mtoto ameanza kutembea, na mimi mama yake mkubwa sijawahi kumbeba.

Nikamtazama mume wangu pale mezani.

"Siku ile kwa mdogo wangu. Shingo yako."

Akaangalia mifupa yake. "Nilijikuna."

"Ulijikuna."

"Ulikuwa umeshaanza kupiga kelele. Ningekanusha, ningekuaibisha mbele ya watu."

"Na baada ya hapo? Umeniona nalia usiku namlilia mdogo wangu. Ukanifuta machozi kwa mkono wako."

Hata wifi hakucheka tena. Mama mkwe akasema kwa sauti ndogo, "Hilo la mdogo wako hatukulijua." Nikamwamini, lakini halikunisaidia kitu.

Nikageuka. Shoga alikuwa ameshanunua mfuko wa kuku kaunta, akanipa bila neno. Nikaenda moja kwa moja kwa mdogo wangu.

Akafungua mlango mtoto yuko kiunoni. Akaniangalia mimi, akauangalia mfuko.

"Umekuja na nini?"

"Kuku."

Mtoto akanyoosha mkono kwenye mfuko. Mdogo wangu akasogea pembeni, nikapita.

Nikamweleza yote. Nilitegemea atashangaa, atapiga kelele kama mimi. Yeye ametulia tu, anamchambulia mtoto nyama.

"Nilijua, dada."

"Ulijua nini?"

"Ulipotoka kutafuta teksi na wageni wote wakakufuata nje, nilikimbilia jikoni kumletea shemeji maji. Niliporudi nikamkuta amesimama mezani, anamalizia ule wali. Kwa kijiko. Aliponiona akaweka kidole mdomoni."

"Mbona hukuniambia?"

"Kesho yake nilikuja kazini kwako. Ukanifungia mlango. Nikasimama pale nje nikajiuliza, hata akifungua nikamwambia, atamwamini nani?"

Akaniangalia. "Wewe sema. Ungemwamini nani?"

Ndugu zangu, jibu lilikuwa moja. Tulilijua wote wawili.

Nimekaa siku mbili hapa kwake. Mume wangu anapiga simu, sipokei. Leo asubuhi ametuma ujumbe: "Mke wangu rudi, nitakula chochote utakachopika."

Nikamjibu, "Hilo ndilo tatizo letu."

Kama nitarudi au sitarudi, bado sijui. Ninachojua ni hiki. Mtu anayekuficha ukweli ili usiumie, kuna siku uongo wake utadai malipo, na atalipa kwa kitu chako. Wangu alilipa kwa mdogo wangu, ilhali alikuwa na maneno mawili tu ya kuniambia wiki ya kwanza: kuku hajaiva. Ningemrudisha kwenye mafuta, tukala, tukalala.

Mchana huu mdogo wangu amenipa kuku mzima na kisu. "Kaanga," akasema. Nikakata, nikapaka viungo, nikakaanga nikiwa nimesimama kama siku ile ya kwanza. Nikamwekea paja kwenye sahani, nikamtazama usoni.

Akauma. Akatafuna. Akalichungulia pale kwenye mfupa.

"Nje sawa," akasema. "Ndani bado, dada. Rudisha, na upunguze moto."

Nikalia, nikarudisha.