Baba Yake Bwana Harusi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, binti mmoja wa miaka kumi na minne alifagia zizi, kisha akaandika katika daftari ng'ombe yupi yumo katika joto, yaani anataka dume, na yupi ametoa maziwa kiasi gani. Kwa sababu ya daftari hilo, nyumbani walimwita Karani. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa baba yake, na mwenyewe alijua hivyo.

Lakini asubuhi ile ya Jumamosi kalamu ilimwia nzito. Chini ya jina la Madoa aliandika tena: joto. Wiki tatu nyuma aliandika hivyohivyo. Ng'ombe wote wanne walipandwa na fahali wao, Bwana Harusi, na wote walirudia joto kana kwamba hawakuguswa. Mwaka mzima hakuzaliwa ndama hata mmoja. Maziwa yalikuwa yamekauka, na mdogo wake alikuwa ameacha hata kuyaulizia.

"Matasa watupu," baba alisema kwa sauti iliyochoka. "Mchinjaji anakuja saa nane. Nimeshindwa."

"Hata Madoa, baba?"

"Hata Madoa, mwanangu. Nitawalisha bure mpaka lini?"

Mama aligeukia ukutani akajifuta machozi. Karani akalifunga daftari haraka, maana kulikuwa na jambo alilolijua peke yake.

Saa nne alifika daktari wa mifugo, mwanamke mmoja mcheshi, ambaye mama alikuwa amemwita kama jaribio la mwisho. Akawapima ng'ombe mmoja mmoja.

"Hawa wazima kabisa," alisema. "Hebu nimwone bwana harusi mwenyewe."

Alichukua mbegu za fahali, akaweka tone kwenye kioo na kuinamia hadubini. Ucheshi ukamtoka.

"Zilizo hai ni chache, na hizo chache mikia imepinda. Zinazunguka palepale. Baba yake fahali huyu ni nani?"

"Fahali wa jirani," baba alijibu upesi. "Hapa hatubakizi dume aliyezaliwa na fahali wetu wenyewe. Karani, hebu msomee daktari."

Karani akafungua daftari. Mstari ulikuwapo chini ya jina la Bwana Harusi, kwa mwandiko wake mzuri: Mama, Madoa; baba, fahali wa jirani. Angeusoma tu, nani angejua? Akamtazama Madoa, aliyekuwa akicheua bila habari ya saa nane.

"Ni uongo," alisema, machozi yakimtiririka. "Miaka minne iliyopita, baba, ulinituma nimpeleke Madoa kwa jirani. Nilichelewa kwa kuruka kamba na wenzangu. Niliporudi, fahali wetu mzee alikuwa ameshavunja ua na kumpanda. Niliogopa fimbo, nikaandika fahali wa jirani."

Baba akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Fahali mzee ndiye aliyemzaa Madoa," alisema polepole. "Basi baba yake Bwana Harusi ndiye pia babu yake."

"Ndiyo maana," alisema daktari. "Damu moja ikirudiwa hivyo, kasoro zilizojificha kwa wazazi huweza kukutana kwa mtoto. Fahali ananenepa, ananguruma vizuri, kumbe mbegu zake dhaifu. Ng'ombe hawa si matasa. Wapandisheni kwa mbegu za ukoo mwingine, mimi ninazo."

Mchinjaji aliondoka na Bwana Harusi peke yake. Karani, aliyemlea kwa chupa tangu akiwa ndama, ndiye aliyemshika kamba hadi garini, akilia njia nzima.

Baada ya kupandishwa kwa mbegu za daktari, Madoa hakurudia joto tena. Alipozaa jike mwenye afya, baba alimletea Karani daftari na kumwonyesha uongo ule wa zamani.

"Usiufute," alisema. "Ukate kwa mstari, uandike ukweli kando yake. Tunalisoma sote daftari hili, mwanangu, na ukiandika uongo sote tunauamini. Ungeniambia siku ile, ningekugombeza siku moja. Uongo wako umetutesa mwaka mzima."

Karani akashika kalamu, akaandika.