Deni Lililouzwa

Wewe unayesoma hapa, umewahi kutumwa kusema kwamba mama hayuko, na huku mama amesimama karibu nawe hata unasikia pumzi yake?

Gaëlle alitumwa hivyo, na si mara moja. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mkazi wa Hewa Bora, mjini Lubumbashi. Aliishi na mama yake, Adolphine, na bibi yake, ambaye watoto wote wa jirani walimwita Nkambo Kunda.

Kila asubuhi Gaëlle alifagia uwanja, akawasha makaa kwenye mbabula, akateleka maji ya chai. Mama alifungua friji kubwa ya kugandisha samaki iliyokaa barazani. Ilikuwa friji nyeupe, yenye kona moja iliyobonyea siku ilipoanguka kutoka kwenye mkokoteni, na juu yake Nkambo alikuwa ametandika kitambaa alichokishona maua kwa mkono wake. Ndani mlilala samaki waliotoka ziwani kwa njia ya Kasomeno, wamegandana kama mawe. Mama aliwapanga kwenye beseni, na kabla Gaëlle hajamaliza chai yake, wateja walikuwa wamekwisha kusimama mlangoni.

Friji hiyo Mama aliipata kwa kadi ya benki. Kadi ya namna hiyo inakuruhusu kuchukua kitu leo, benki inalipa dukani, kisha wewe unairudishia benki kidogo kidogo kila mwezi, pamoja na riba yake. Mwanzoni Mama alilipa vizuri. Lakini masika yalipofika, transfoma ya mtaa iliungua. Umeme ulikatika kwa muda mrefu, samaki wote wakaoza, hata mbwa wa mtaa wa pili walikuja kusimama mlangoni. Umeme ulirudi. Pesa hazikurudi.

Benki ikaanza kupiga simu, na Mama akaona haya. "Gaëlle, pokea," alinong'ona. "Sema mama haiko. Sema iko Kilwa."

Kilwa hiyo, si ile ya pwani bali mji wa kando ya ziwa, ilichaguliwa kwa sababu dada yake Mama aliolewa kule, na barabara ya kule ni mbaya. Mtu akisema ameenda Kilwa, hakuna anayeuliza atarudi lini.

Kila mara Gaëlle alitaka kusema, "Mama iko hapa." Maneno yalifika kwenye meno, akayameza. Akasema Kilwa.

Siku moja namba isiyojulikana ilipiga, Gaëlle akasema Kilwa kama kawaida. Kumbe alikuwa Mama Brigitte wa kwaya, aliyetaka samaki wengi kwa sherehe ya komunyo ya mwanawe. Jumapili walikutana naye mlangoni pa kanisa.

"Ee, Adolphine!" Mama Brigitte alisema kwa sauti. "Ulishatoka Kilwa? Mbio hivi? Weye ulipanda ndege ao? Samaki nililetewa na muntu mwingine."

Mama alicheka kidogo, akamshika Gaëlle mkono, wakaondoka haraka.

Jumamosi iliyofuata simu ililia tena. Sauti ilikuwa ya mwanamume, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha vitabu vya shule.

"Habari za asubuhi. Naweza kuzungumza na Mama Adolphine?"

"Mama haiko, papa. Iko Kilwa."

"Bado tu yuko Kilwa? Hata benki waliambiwa hivyo. Basi mpe ujumbe. Mwambie lile deni lake la kadi limeuzwa. Benki haimdai tena. Nitapita hapo mwenyewe."

Moyo wa Gaëlle uliruka. Ni lazima ujue kwamba watu wa Lubumbashi wakisema kuuza, mara nyingi maana yao ni kutoa pesa na kuchukua kitu. Kutoa kitu na kupokea pesa, hiyo kwao ni kuuzisha. Basi Gaëlle alisikia kwamba mtu amelinunua deni la mama yake, amelilipa, limekwisha.

"Baliuza deni yote, papa?"

"Lote."

"Aksanti sana! Mungu akubariki, weye na batoto bako!"

Mtu yule alishangaa kubarikiwa. "Haya," alisema. "Amina."

Mama alicheza barazani na samaki mkononi. "Nani aliiuza? Ni kaka yangu Floribert? Ao ni bantu ba parokia?"

Nkambo Kunda alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo. "Gaëlle, alikwambia jina yake?"

"Hapana, Nkambo."

"Ulimuuliza?"

"Hapana."

"Mm. Muntu analipa deni ya mwenzake na anaficha jina. Miye nilizeeka, lakini huyo sijamuona bado."

Mama hakusikia. Pesa kidogo alizoanza kuweka kwa ajili ya benki alinunua nazo kitenge chenye ndege wa kijani.

Alikuwa amekivaa kitenge hicho siku mwanamume mmoja mwenye mkoba mwembamba alipobisha hodi. Gaëlle alikuwa ametoka shuleni, hajavua hata viatu.

"Shikamoo, bibi," mgeni alimsalimu Nkambo.

"Jambo yako, mutoto yangu," Nkambo alijibu, kwa maana jibu jingine hakulijua.

"Naitwa Idrissa. Nililelewa Kigoma, sasa nafanya kazi hapa mjini. Ni mimi niliyepiga simu. Mama Adolphine, pole na safari ya Kilwa."

Mama alikohoa. Gaëlle alitazama viatu vyake.

"Papa Idrissa!" Mama alisema haraka. "Ni weye uliuza deni yangu? Gaëlle, leta kiti! Leta na samaki, ile kubwa ya chini!"

Kabla mgeni hajaeleza lolote, alijikuta ameshika mikononi samaki mkubwa wa baridi kali.

"Mama, mimi sikuuza," alisema. "Benki ndiyo iliyouza. Kampuni yetu hukusanya madeni. Tulilinunua deni lako kutoka benki."

"Kuuza, kununua, ni moja. Deni ilisha!"

"Halijaisha, mama. Sasa unadaiwa na sisi. Ukikataa kulipa, tutakwenda mahakamani, na mahakama inaweza kuamuru friji hii ichukuliwe."

Friji ilinguruma polepole pale kwenye kona yake. Bila friji hiyo hakungekuwa na samaki, na bila samaki hakungekuwa na chakula wala karo ya shule.

Gaëlle alikumbuka ubao wa darasani. Mwalimu aliandika kuuza, kisha akachora mwanamke anayetoa nyanya na kupokea pesa, na darasa zima likacheka likisema mwalimu amekosea. Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Lakini alimwona mama yake amekaa na kitenge chake kipya, akasogea mbele.

"Mama, kosa ni yangu. Kwa masomo balitufundisha. Kwa Kiswahili ya vitabu, kuuza ni kuuzisha. Benki iliuzisha deni yako kwa hii kampuni. Nilijua, lakini nilifurahi mbio, sikuuliza." Akamgeukia mgeni. "Na weye, papa, utusamehe. Mama hakuenda Kilwa. Hata siku moja."

Idrissa alitabasamu. "Nilijua. Nilipopiga simu, nilisikia mtu nyuma yako akinong'ona: sema iko Kilwa."

Mama alijifunika uso kwa kitenge. Mabega yakatikisika. Gaëlle alidhani analia, kumbe anacheka kwa aibu.

"Weka samaki chini, mutoto, mikono itaganda," Nkambo alimwambia Idrissa. "Ikala kwa kiti. Tuongee. Kwanza, nani anatuonyesha kama benki ilikuuzishia kweli? Muntu yeyote anaweza kufika hapa na mukoba."

"Una haki, bibi. Barua ya benki hii hapa. Lakini msiniamini mimi, nendeni benki mkaulize wenyewe."

Kesho yake Mama na Nkambo walikwenda. Mama aliogopa mlango ule wa vioo kama mdomo wa mamba. Lakini mfanyakazi wa benki aliwasalimu vizuri, akatazama kwenye kompyuta, akathibitisha: deni liliuzwa kwa kampuni ile, na kiasi kilikuwa kile kile cha kwenye barua, pamoja na faini za kuchelewa kulipa.

Idrissa aliporudi, Nkambo alikuwa na swali lake.

"Mutoto yangu, samaki ya asubuhi na samaki ya mangaribi, bei ni moja?"

"Hapana, bibi. Jioni bei inashuka."

"Basi hii deni benki iliichoka, ikakuuzishia mangaribi. Na weye unatudai bei ya asubuhi, tena na faini juu?"

Idrissa alicheka hadi akafuta macho. "Bibi, ungefanya kazi kwetu tungefilisi watu wote! Bei tuliyonunulia siwezi kuisema. Lakini faini za kuchelewa nitaomba ziondolewe."

Alitoka nje, akawapigia simu wakubwa wake, akarudi akitabasamu. Faini ziliondolewa. Mama angelipa sehemu ndogo kila mwezi, na kila akilipa angepewa risiti. Waliandika mapatano, wakatia sahihi. Safari hii Idrissa alinunua samaki, akatoa pesa.

"Hii ni kuuza ao kununua?" Nkambo alimuuliza.

"Hapa Lubumbashi, bibi, nimeuza!"

Alipoondoka, Nkambo aliwaita Mama na Gaëlle karibu naye.

"Musikie. Deni si haya. Maisha inaangusha kila muntu. Haya ni kujificha. Ukijificha, deni haiishe, inatembea tu, inabadilisha mwenye kuidai, siku moja inabisha hodi. Mwenye kudai, umuonyeshe uso, umwambie una nini na huna nini. Neno ambalo hukusikia muzuri, uliza. Na weye Adolphine, usimupatie mutoto uongo abebe. Ni muzigo ya mukubwa."

"Nisamehe, mwanangu," Mama alisema.

Wakati huo huo simu ikalia juu ya kitambaa cha friji. Namba haikujulikana. Gaëlle alimtazama mama yake, na Mama akaitikia kwa kichwa.

"Allo? Mama Adolphine iko?" mtu aliuliza.

"Ndiyo," Gaëlle alisema kwa sauti kubwa, hata jirani akasikia. "Mama iko. Iko hapa, pembeni yangu."