Bastola Juu ya Tangi la Choo

"Umeweka alama wapi?" Lorna aliuliza.

"Naunga mkono. Wewe?"

"Napinga. Ulitegemea nini?"

Wade Tollefson alicheka. Walikuwa kwenye korido ya bunge la jimbo, kila mmoja na kadi yake ya shahidi. Muswada ulitaka wenye vibali vya silaha waruhusiwe kuingia shuleni na bastola. Lorna Haugen alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, Wade fundi wa mitambo ya joto, na harusi yao ilipangwa Juni. Walishabishana mpaka wakazoea.

Lakini leo Lorna hakucheka.

"Bastola yako iko wapi, Wade?"

"Ipo kwenye gari, mpenzi. Si unajua hapa hawaruhusu?"

"Ipo?"

"Ipo, bwana! Unanihoji kama polisi?"

Lorna alimwangalia machoni, akaenda kukaa upande wa wapingaji. Moyo ulimuuma. Mwanaume anayetaka kumuoa amemdanganya mchana kweupe, tena bila kupepesa.

Simu ya Wade ikatetemeka. Ilikuwa picha kutoka kwa Lorna: bastola yenye mpini wa pembe ya paa, ndani ya ala yake, juu ya tangi la choo. Pembeni kulikuwa na sabuni ya watoto yenye umbo la bata.

Akaandika: "Umeipata wapi?"

"Choo cha darasa langu. Jumanne, ulipokuja kutengeneza mtambo wa joto."

"Lorna, niliivua nikae. Nikasahau. Nimeitafuta siku tatu kama mwehu."

"Na mimi nimeificha siku tatu. Sheria inataka niripoti. Nikiripoti, unashtakiwa. Nisiporipoti, mimi si mwalimu tena."

"Tuongee nyumbani. Nakuomba."

"Ukisimama pale useme wenye vibali hawakosei, pete yako utaikuta mezani."

"Wade Tollefson!" mwenyekiti wa kamati, mama mwenye miwani, aliita. "Dakika mbili."

Wade alisimama na hotuba yake mkononi. Akaikunja, akaitia mfukoni.

"Nina kibali miaka kumi na mmoja," alianza. "Jumanne niliingia shuleni na bastola kiunoni. Nilisahau kuiacha kwenye gari. Nikaenda chooni, nikaivua, nikaondoka bila hiyo. Choo cha watoto wa miaka sita."

Mjomba wake, aliyekuja naye na kofia ya kampeni ya muswada, akainamisha kichwa.

"Bwana Tollefson, unaunga mkono au unapinga?"

"Mama, nilipoingia hapa nilikuwa naunga mkono. Sasa sijui. Andika tu nilichosema."

"Aliyeiokota ni nani?"

Hapo ndipo Lorna aliposimama kabla hajaitwa.

"Ni mimi. Zilikuwa zimebaki dakika nne kengele ya mapumziko ilie, watoto waingie humo. Na nimemficha kwa sababu nampenda. Hilo nalo liandikwe."

Koridoni, Wade alishindwa kumtazama.

"Ungeniacha nizame peke yangu," alisema.

"Ungenidanganya tena, ningekuacha. Umesema kweli. Sasa tuzame wote."

"Nilikuambia ipo kwenye gari."

"Nami sikukwambia unionyeshe. Kosa langu hilo."

Muswada ulipita kwa tofauti ya kura mbili. Wade alinyang'anywa kibali na kupewa adhabu ya kufyeka barabara za wilaya kila Jumamosi. Lorna alisimamishwa kazi mwezi mzima, kisha akarudishwa na barua ya onyo. Nusu ya mji iliwaita wasaliti, nusu nyingine ikawaita wapumbavu, na harusini wakaja wote, maana hakuna aliyetaka kukosa nyama ya paa ya mama Tollefson.

Mchungaji alipofika kwenye pete, alimgeukia Wade.

"Pete ipo?"

"Ipo," Wade alijibu haraka.

Lorna akanyoosha kiganja mbele ya kanisa zima.

"Nionyeshe."