Picha Iliyokatiza Ramani Nzima

Sebule ya nyumba ile ilikuwa pia karakana. Dirishani alikaa baba mwenye nyumba, fundi wa kushona mipira ya ngozi. Sindano zake zilichomekwa kwenye kipande cha sponji, na vipande vya ngozi vilirundikana miguuni pake. Upande wa pili, kwenye meza ya kulia, alikaa mkewe na kompyuta ya shule.

Mkewe alifundisha jiografia. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Hata mumewe alimwita hivyo, akiwa anatania na akiwa amenuna.

Jumatano hiyo alasiri, Mwalimu alikuwa ameshika tama. Chai ilikuwa imepoa mbele yake.

"Mwalimu, chai inakuita," fundi alisema.

"Iache iite."

"Kuna nini?"

"Sufuria imekwisha," alijibu Mwalimu.

Fundi aliweka sindano chini. Alijua kwamba mkewe hazungumzii sufuria ya jikoni.

Sufuria lilikuwa jina la shimo. Shimo hilo haliko duniani, liko kwenye sayari ya Mirihi, karibu na ncha yake ya kaskazini. Zamani jiwe kubwa lilianguka kutoka angani likachimba ardhi, likaacha shimo la mviringo. Mashimo ya namna hiyo huitwa kreta. Wanafunzi wa Mwalimu waliliona kwenye picha ya zamani, dogo na lenye ukungu, wakalipa jina hilo kwa sababu ya umbo lake.

Kituo kimoja cha utafiti wa anga kilikuwa na chombo kinachoizunguka Mirihi. Chombo hicho kilikuwa na kamera kali, inayopiga picha sehemu ndogondogo kwa ukaribu. Kituo kilitangaza kwamba kila shule inaweza kuomba sehemu moja ipigwe picha. Sharti lilikuwa moja. Shule ionyeshe kwa ramani kwamba sehemu hiyo haijapigwa picha na kamera hiyo. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa saa sita mchana.

Darasa zima lilipamba moto. Kwa wiki sita wanafunzi arobaini na mmoja walijifunza ramani kwa zamu kwenye kompyuta tano. Mkuu wa shule hakufurahi sana.

"Mirihi!" alisema. "Watoto hawa hata ramani ya wilaya yao hawaijui. Haya, nakupa chumba cha kompyuta muhula huu tu. Kazi isipofika popote, chumba kinakuwa stoo ya madawati."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuielewa. Kituo kilitoa orodha ya picha mia mbili na kumi na mbili zilizokwisha kupigwa. Kila picha ilikuwa na pembe nne, na kila pembe ilikuwa na namba mbili. Namba ya kwanza ni latitudo. Inaeleza umbali wa kwenda kaskazini au kusini. Ya pili ni longitudo. Inaeleza umbali wa kwenda mashariki au magharibi. Unaingiza namba hizo kwenye programu ya ramani. Programu inaunganisha pembe nne kwa mistari, na kisanduku chenye rangi kinatokea. Kisanduku hicho ndicho alama ya picha. Kinasema: hapa kamera imeshapita.

"Sasa tazama," Mwalimu alimwambia mumewe.

Fundi aliinama. Ramani ya Mirihi ilikuwa ya mstatili, kama mkeka uliotandikwa. Vijisanduku vyekundu vilitapakaa kila mahali. Lakini juu kabisa, karibu na ncha ya kaskazini, palikuwa na mkanda mwekundu. Ulianzia ukingo wa kushoto ukaenda mpaka ukingo wa kulia bila kukatika. Sufuria ilikuwa chini ya mkanda huo.

"Hiyo ni picha moja?"

"Moja. Leo ndipo nimeziweka zote pamoja kwenye ramani. Hii imefunika Sufuria yote. Kesho nitawaambiaje wale watoto?"

Fundi alikuna kidevu. "Si uifute tu? Moja kati ya mia mbili, nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na kituo kitajua, kwa sababu orodha ni yao. Nitakuwa nimewafundisha watoto kudanganya kwa kutumia ramani."

"Basi yaishe. Nilikuwa natafuta njia tu."

Hapo mlango uligongwa. Aliingia jirani yao wa nyumba ya tatu, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Alikuwa mchora ramani katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Rula haikukosekana mkobani mwake, kwa hiyo mtaani alijulikana kama Bi Rula.

"Hodi, shemeji! Mkoba wangu umepona?"

"Karibu, dada. Mkanda nimeshaushona, hata ukibeba mawe."

Bi Rula alimgeukia Mwalimu. "Na wewe, mdogo wangu, mbona uso umesawijika hivyo?"

Mwalimu alimweleza yote. Bi Rula alivaa miwani, akautazama mkanda mwekundu, kisha akaangua kicheko.

"Usinicheke, dada. Mwenzio nimefiwa na Sufuria."

"Sikucheki wewe. Naicheka hiyo picha. Hebu niambie, picha moja ya kamera hiyo ina upana gani?"

"Orodha inasema kilomita nane hivi."

"Na mkanda huu umezunguka sayari nzima! Kilomita nane zimetanuka vipi?"

Mwalimu aliitazama tena orodha. Alasiri yote hakuwa amejiuliza swali hilo.

"Nisomee longitudo za pembe zake," Bi Rula alisema.

"Hizi mbili za upande mmoja ni mia sabini na tisa nukta sita. Hizi za upande wa pili ni kutoa mia sabini na tisa nukta tano."

"Ahaa! Nilijua. Shemeji, nipe mpira."

Kabla fundi hajajibu, Bi Rula alichukua mpira mweupe uliokamilika na kipande cha chaki.

"Dada, huo wa mteja!"

"Chaki inafutika. Tulia." Alichora mstari kutoka juu ya mpira hadi chini. "Huu ni mstari wa sifuri. Ukienda mashariki unahesabu mpaka mia na themanini. Ukienda magharibi unahesabu pia mpaka mia na themanini, lakini namba za magharibi zinaandikwa na alama ya kutoa. Sasa, hesabu hizi mbili zinakutana wapi?"

"Nyuma ya mpira," alisema Mwalimu.

"Barabara." Bi Rula aliugeuza mpira, akachora mstari wa pili kwa nyuma. Karibu na juu alichora kisanduku kidogo kilichoukalia mstari huo, nusu huku, nusu kule. "Hiyo ndiyo picha yako. Ni ndogo, imetulia mahali pake. Shemeji, wewe ndiye mwenye ngozi. Ukiuchana mpira huu kwenye mstari wa nyuma na kuulaza mezani, kisanduku kitakuwa wapi?"

Fundi hakufikiri mara mbili. "Kitakatika. Nusu itabaki mwisho wa kulia na nusu mwisho wa kushoto."

"Umepata! Ramani hii ya mstatili ilichanwa hapo. Kompyuta haijui kwamba kingo hizi mbili ni majirani. Imeona pembe ziko kulia kabisa na nyingine kushoto kabisa, ikaziunganisha kwa kukatiza ramani nzima. Kumbe kwa nyuma zinakaribiana. Hazipishani hata digrii moja ya longitudo."

Mwalimu alishika kichwa. "Na mimi nimekaa hapa kutwa nzima nalilia Sufuria!"

"Usijilaumu. Hata ofisini kwetu kuna waliokosea hivyo, tena wenye vyeti ukutani. Dawa yake ni nyepesi. Tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kukata visanduku kwenye ukingo wa ramani."

Mwalimu alitafuta menyu moja baada ya nyingine. Alipoipata, aliweka alama ya ndiyo. Mkanda mrefu ukatoweka. Pakabaki vipande viwili vidogo, kimoja kulia na kimoja kushoto.

"Sufuria imerudi!" fundi alipiga kelele, utadhani ni yeye aliyeomba picha.

"Pole pole," alisema Bi Rula. "Hatujamaliza. Mbona Sufuria yenyewe imelala chali, pana kama ndala iliyokanyagwa?"

"Hilo nalo limenisumbua. Kwenye picha ya zamani ni mviringo."

"Shemeji, unaweza kufunika mpira kwa kipande kimoja cha ngozi bapa?"

"Thubutu! Itajikunja. Lazima ukate vipande, au uivute mpaka ipoteze umbo."

"Ramani nayo ni hivyohivyo. Ukiulaza mpira kuwa bapa, kuna mahali lazima pavutwe. Ramani ya mstatili huvuta zaidi kule juu na kule chini, kwenye ncha. Kwa hiyo kazi ya nchani usiifanye kwenye ramani hii. Tumia ile inayotazama ncha kutoka juu, kama mtu anayechungulia ndani ya ndoo."

Mwalimu alibadili aina ya ramani. Mstatili ukageuka duara, na ncha ya kaskazini ikakaa katikati. Sasa kile kisanduku cha mstari wa nyuma kilikuwa kizima, hakikukatika. Na ng'ambo ya pili ya ncha, Sufuria ilikuwa mviringo.

Lakini tabasamu la Mwalimu halikudumu. Kisanduku kingine chekundu kilikuwa juu ya Sufuria. Mkanda ule mrefu ulikuwa umekificha, na ulipotoweka, kwa furaha yao hakuna aliyekitazama. Kilifunika nusu ya magharibi.

Aliisoma ile picha pembe moja moja, kwa sauti. Kisha akairudia. Hapakuwa na kosa. Nusu ya Sufuria ilikuwa imepigwa picha kweli.

Fundi alirudi kwenye sindano zake.

"Pole, mdogo wangu," Bi Rula alisema taratibu. "Ramani ikisema kweli, inabidi uikubali hata kama inauma. Lakini angalau sasa unajua inasema nini."

Kesho yake asubuhi Mwalimu alipiga moyo konde akaingia darasani. Hakuficha kitu. Alieleza kosa lake kwanza, akachora mstari wa nyuma kwenye mpira aliouomba kwa mumewe, akaonyesha mkanda ulivyotokea na ulivyoondoka. Kisha akawaonyesha Sufuria na kisanduku chekundu kilichokaa juu ya nusu yake.

Wanafunzi walinung'unika. Mmoja aliinamisha kichwa kwenye dawati.

"Kwa hiyo tumekosa, Mwalimu?" aliuliza kiranja, msichana mwenye sauti kavu.

"Mnaonaje nyinyi? Someni ramani."

Kiranja alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Alitazama kwa muda mrefu.

"Hapa mashariki hakuna rangi," alisema. "Sharti linasema sehemu isiwe imepigwa picha. Nusu hii haijapigwa. Basi tuombe nusu hii."

"Nusu sufuria?" aliuliza mwenzake, na darasa likacheka.

"Ndiyo! Wao wana nusu yao. Sisi tuombe iliyobaki, Sufuria iwe nzima."

Wazo hilo halikuwa limempitia Mwalimu kichwani.

Siku ile hawakupumzika. Walisoma upya pembe za picha zote mia mbili na kumi na mbili, wawili wawili, mmoja akisoma na mwingine akihakiki. Walikuta picha nyingine tatu zilizokaribia mstari wa nyuma bila kuuvuka, wakazikagua. Walichora ramani inayotazama ncha kutoka juu. Nusu ya mashariki waliizungushia mstari wa kijani. Chini yake waliandika: "Nusu ya magharibi imepigwa. Tunaomba ya mashariki, ili kreta yote ionekane." Ijumaa saa nne asubuhi kiranja alibonyeza kitufe cha kutuma.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Lilikuwa fupi: ombi limekubaliwa, subirini chombo kipite. Maombi kadhaa ya shule nyingine yalirudishwa kwa sababu ramani zake zilikuwa na makosa ya ukingo, na barua ilisifu shule hii kwa kusema wazi nini kimeshapigwa na nini hakijapigwa.

Mkuu wa shule aliisoma barua hiyo mara mbili. Muhula uliofuata, madawati mabovu yalipelekwa nyuma ya jengo la walimu, na chumba cha kompyuta kikabaki kama kilivyo.

Miezi mitano ilipita. Asubuhi moja picha ikafika.

Mwalimu hakuifungua peke yake. Aliwaita wanafunzi wote, na mkuu wa shule akaja akasimama mlangoni, mikono nyuma. Kiranja aliingiza namba za pembe nne. Kisanduku kipya kikatokea, kikagusana na kile cha zamani, na Sufuria ikafunikwa yote. Kisha wakaifungua picha yenyewe.

Ukuta wa shimo uliteremka kwa ngazi ngazi. Kwenye kivuli chake palikuwa na barafu nyembamba, nyeupe kama unga. Chini kabisa mchanga ulijipanga kwa matuta, na kati ya matuta hayo palipita mistari myeusi iliyopindapinda.

Mkuu wa shule alisogea mbele bila kujijua. "Mahali hapa," alisema kwa sauti ya chini, "nani mwingine amepaona kwa karibu namna hii?"

"Watu wachache tu wa kituoni, jana," alijibu Mwalimu. "Halafu sisi."

"Na hiyo mistari myeusi ni nini?"

Jozi arobaini na mbili za macho zilimgeukia Mwalimu. Alivuta kiti akaketi katikati yao, akaikuza picha mpaka mstari mmoja ukajaza kioo.

"Sijui," alisema, na alikuwa anatabasamu. "Haya, nani ana wazo?"

Mikono ikainuka, na wa kwanza kunyoosha alikuwa mkuu wa shule.