Mtu wa Sitini na Moja

Ilikuwa Jumamosi ya mwaka 1949, asubuhi ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, huko milimani juu ya Same. Wanakijiji walipanda mlima na majembe yao na viazi vya kuchemsha, kwenda kuzibua ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, kabla ya mvua za vuli. Dina alikuwa miongoni mwao. Mumewe, Mwalimu Eliufoo, ndiye aliyewapanga.

"Nyinyi ni sitini, mimi nasimamia," alisema kwa furaha. "Namba ya baraka hii. Inagawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, kwa tano, kwa sita. Hakuna atakayeonewa. Haya, sita sita!"

Makundi kumi yakasimama. Akabaki Koleta peke yake, akicheka.

"Basi tano tano."

Makundi kumi na mawili. Safari hii akabaki Mzee Hezroni.

Eliufoo akahesabu kichwa kwa kichwa. Sitini na mmoja. Dina akatazama huku na huku akimtafuta mgeni. Hakumwona. Kila uso pale aliujua tangu utotoni.

Wanne wanne, akabaki mmoja. Watatu watatu, akabaki Dina mwenyewe. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka msituni, na hakuna aliyecheka tena.

"Sitini na moja haigawanyiki," Eliufoo akanong'ona, jasho likimtoka. "Ila kwa moja, na kwa yenyewe."

"Baba Honorata," Dina akamwambia mumewe chini chini, "mwaka jana tulikuwa wangapi?"



Mwaka jana walikuwa sitini na mmoja. Ukingo wa ndiva ulimporomokea mwenzao Reginald, naye Eliufoo akasema mvua iko karibu, wakimfukua maji yatapotea, na mtu aliyefukiwa namna ile hayuko hai tena. Wakashindilia udongo juu yake. Dina naye alishindilia. Kwa muda, chini ya nyayo zake, alisikia kitu kikigonga. Hakumwambia mtu.

"Wawili wawili," Eliufoo akasema. "Kila mtu amshike mwenzake mkono."

Dina akamshika Koleta. Jozi thelathini. Mmoja akabaki, karibu na ukingo, amewapa mgongo. Nywele zake zilijaa udongo mbichi.

"Mwalimu," ikasema sauti nzito, kama ya mtu anayetafuna mchanga, "mimi nifanye na nani?"

 

Dina aliona midomo ya mumewe ikichezacheza. Alikuwa anahesabu. Sitini na mmoja, na yeye mwenyewe. Sitini na wawili. Jozi thelathini na moja. Habaki mtu.

"Usiende," Dina akanong'ona.

Eliufoo akaokota jembe lake. Akatembea. Ukungu ukawameza wote wawili.

Ulipoinuka, ukingo ulikuwa mzima, hauna hata ufa. Waliuchimba tangu mchana ule mpaka Jumanne. Hawakumpata Eliufoo. Hawakumpata Reginald. Chini kabisa, penye mwamba, walipata jembe la Eliufoo, alilolinunua Same wiki ile ile. Mpini ulikuwa umelainika kwa viganja. Bapa lilikuwa limelika mpaka kwenye tundu la mpini, kama jembe lililolima miaka hamsini.

Dina akalishika. Mpini ulikuwa bado na joto la mikono.